Fomu Ilisema Karibu Sote ni Walimu

Ushirika wetu wa Kiswahili hukutana Jumapili saa nane mchana, kwa kuwa asubuhi ukumbi ni wa wenyewe, Waingereza wanaotukodisha. Tukijaa tunafika kama sitini: Watanzania, Wakenya, Wakongo waliopitia kambi ya Nyarugusu, Warundi wachache, na wanafunzi wanaoingia Septemba na kuondoka bila kuaga. Wengi wetu ni watu wa zamu. Kuna Jumapili naimba pambio la kwanza nikiwa nimelala saa tatu tu tangu nitoke wodini.

Mwaka juzi mchungaji alituletea fomu ya kupima karama. Fomu za namna hii zilienea kutoka Marekani tangu miaka ya 1970. Peter Wagner, aliyefundisha katika seminari ya Fuller kule California, alitoa kitabu mwaka 1979 chenye orodha ya karama 27, na makanisa mengi yakafuata njia hiyo: unasoma sentensi, unajipa alama, unajumlisha, na penye alama nyingi ndipo penye karama yako. Mimi nilifurahi. Sisi wa hospitali bila fomu hatujui tuanzie wapi.

Tulipojumlisha, karibu kanisa zima lilikuwa la walimu na viongozi. Mwenye karama ya masaidiano hakuonekana hata mmoja, na chai tulikuwa tumekunywa, na viti vilikuwa vimepangwa. Mimi nilipata alama za juu kwenye kurehemu. Ningekosaje? Fomu iliuliza kama huwa nakaa na wagonjwa, na mimi hulipwa mshahara kwa kukaa na wagonjwa. Basi nikakabidhiwa huduma ya wagonjwa, kanisa likapiga makofi.

Hapo ndipo tulipokosea, na kosa lilimwangukia mtu.

Kulikuwa na kaka mmoja, Mkongo, aliyefanya kazi ghalani. Hakuwa msemaji. Alifika mapema, akapanga viti, akakaa nyuma. Siku moja akaacha kuja. Mimi mwenye huduma ya wagonjwa sikuona. Nilikuwa na zamu za usiku, nikirudi nyumbani sitaki hata kusikia neno maumivu, na orodha yangu ilikuwa na wale tu waliotangazwa kanisani kuwa wanaumwa. Yeye hakutangazwa na mtu.

Aliyeona ni mama anayetupikia chai. Fomu hakuijaza, maana ilikuwa ya Kiingereza na macho yake ni mazito. Yeye anajua kila mtu anakunywaje: huyu tangawizi nyingi, yule bila sukari. Kikombe cha yule kaka kilibaki Jumapili ya kwanza, kikabaki ya pili. Alipiga simu kwa watu watano mpaka akapata mtaa anakoishi, akapanda mabasi mawili. Akamkuta kitandani, mgongo umekataa tangu aliponyanyua mzigo vibaya, kodi ya chumba imelala, chakula ni mkate tu.

Alinieleza jikoni akisuuza birika. “Mwanangu, najua kazi zako ni nyingi. Ila yule kijana yuko ndani wiki ya tisa.” Hakuna aliloongeza. Nilikwenda chooni nikalia, kisha nikamfuata mchungaji.

Tulirudi kwenye Maandiko, safari hii polepole. Paulo katika Warumi 12 anataja karama saba. Akiwaandikia Wakorintho anataja nyingine, na ndimo masaidiano yamo. Petro yeye anazigawa mara mbili tu, kunena na kuhudumu. Orodha hazilingani, nami naamini hazikukusudiwa kulingana. Kinacholingana ni kwamba karama hutolewa kwa faida ya wengine. Kwa hiyo anayeweza kukuambia una nini ni yule aliyefaidika nayo.

Jumapili moja baada ya ibada tukakaa watu watanotano. Swali lilikuwa moja kwa kila mtu kuhusu mwenzake: ni lini huyu alikusaidia, na alifanya nini? Usidhani lilikuwa jambo jepesi. Kwetu kusifiwa mbele ya watu kunatia aibu, na wazee walitazama sakafu muda mrefu. Lakini yalitoka. Mwanafunzi mmoja alikuwa amezijazia familia nne fomu za kodi ya halmashauri, akidhani ni msaada wa kawaida tu. Mzee mmoja wa Mombasa alikuwa akiwasindikiza watu kwa daktari na kuwatafsiria, na hakuwahi kudai hata nauli. Msichana wa miaka 17, ambaye Kiswahili chake kinachechemea mpaka shangazi zake wanamcheka, ndiye watoto wote humkimbilia.

Kila mmoja akapewa kazi ndogo kwa miezi mitatu, na ruhusa ya kuiacha bila maelezo. Ruhusa hiyo ni muhimu, kwani kwetu ukipewa huduma unaitoka kwa kuhama mji au kwa kugombana. Kaka mmoja aliomba kwaya, akagundua hana sikio, akahamia vyombo vya sauti. Leo tunamsikia mhubiri bila mikwaruzo.

Kwa upande wa watoto, jamani, karama peke yake haitoshi. Hapa Uingereza anayefundisha watoto mara kwa mara hufanyiwa kwanza ukaguzi wa rekodi za makosa, ule wa DBS. Cheti chenyewe kwa anayejitolea hakilipiwi. Mzee mmoja alikasirika: yeye na wajukuu, akaguliwe na serikali? Safari hii nilisimama upande wa fomu, na alisubiri kama wengine.

Mimi niliomba kutolewa kwenye huduma ya wagonjwa. Uuguzi ni fani yangu; nilianza na stashahada nyumbani, nikamalizia digrii huku. Fani na karama si lazima viwe kitu kimoja, na wapendwa wengi walio wahasibu wanaijua shida hiyo kila kanisa linapotafuta mtunza hazina. Kundi langu lilisema jambo ambalo sikulitarajia: walikumbuka siku nilizowaeleza barua za hospitali wakaelewa. Sasa baada ya ibada nina meza. Sitibu mtu, naeleza tu barua inasema nini na swali gani la kumuuliza daktari. Kumbe ualimu niliopewa na fomu haukuwa uongo mtupu.

Yule kaka alipona, akarudi kwenye viti vyake, ingawa vizito hubebwa na vijana. Mama wa chai tulitaka kumpa cheo cha kiongozi wa ufuatiliaji, akakataa katakata. “Mkinipa cheo mtaniita vikaoni, na chai nani atapika?” Alichokubali ni daftari. Asipomwona mtu Jumapili mbili, anaweka alama, na Jumatatu anapiga simu.

Lakini umri unakwenda, na macho yanazidi kufifia. Nimemwomba yule msichana wa watoto akae naye jikoni nusu saa kabla ya ibada, awe anamsomea majina. Wiki iliyopita aliniuliza kama tangawizi inapondwa na maganda yake.