Ufuta mnadani, mtama gulioni: fedha zinabaki kwa nani?

Msimu wa mavuno, mkulima wa Kongwa au Chemba ana njia mbili: apeleke mzigo kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika, au amuuzie dalali aliyekuja na fedha taslimu. Kwa ufuta, mbaazi na choroko, serikali inasukuma stakabadhi ghalani, mfumo wenye sheria yake tangu 2005: mkulima hupewa stakabadhi ya mzigo wake, kisha mzigo huuzwa kwa mnada. Mahindi na mtama kwa sehemu kubwa bado ni soko huria.

Mnunuzi mmoja wa mazao Kibaigwa haupingi mnada wenyewe. Kinachomkera ni kusubiri. Anadai mzigo hukaa ghalani huku mkopo wake ukizaa riba, na hasara hiyo huipunguza kwenye bei anayoandika kwenye zabuni. Ana masilahi yake, bila shaka, na kuhusu lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita kipimo, hasemi kitu, wakati ndiyo iliyowapunja wakulima wa kanda hii miaka nenda rudi. Hata hivyo, hoja ya ucheleweshaji wakulima nao wanaitaja. Karani wa shule hapokei stakabadhi badala ya ada. Wazee wanakumbuka pia kwamba vyama vya ushirika viliwahi kuvunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya 1982, na imani haikurudi kwa kasi hiyo.

Ofisa mmoja wa ushirika hujibu malalamiko ya makato kwa tarakimu moja: asilimia 3. Ni kweli, hicho ndicho kiwango cha ushuru wa mazao ya biashara kilichowekwa 2017, kutoka asilimia 5; mazao ya chakula yakawekewa 2. Lakini ushuru ni kato moja tu. Chama kina lake, ghala lina lake, magunia na usafiri pia. Bei inayotangazwa ni ya mnadani, siyo inayofika mkononi. Mpaka hesabu yote ibandikwe ukutani, madai kwamba mfumo umemwinua mkulima yanabaki madai.

Wala mnada hauumbi soko. India ilipobana uagizaji wa mbaazi Agosti 2017, bei ilianguka, na hakuna ghala ambalo lingeizuia.

Mwenye ufuta pengine atafaidika na mnada, kwa kuwa mizani ni ya wazi na wanunuzi wanashindana. Mwenye magunia machache ya mtama asilazimishwe. Na yeyote anayepeleka mzigo ghalani aulize kwanza mambo mawili: atakatwa nini, na atalipwa lini.