Anayekulaza ndiye anayekuamsha!

Ukikaa kijiweni hapa Nangara ukasema ndugu yako anafanyiwa operesheni kesho, swali utakaloulizwa ni moja tu: anapasuliwa na daktari gani? Ukilitaja jina, wazee wanatikisa vichwa, "ah, huyo ana mkono mzuri," stori imeisha. Sijawahi kusikia hata mtu mmoja akiuliza: na atakayempiga nusukaputi ni nani?

Kwa washkaji wengi huyo jamaa ni mpiga sindano tu. Anakuchoma, unahesabu moja, mbili, tatu, halafu yeye anakwenda zake kunywa chai. Jamani, acheni hizo!

Kulala kwa nusukaputi si sawa na kulala kwako baada ya kushiba ugali. Kuna dawa zinazolegeza misuli yote, hata ile ya kuvuta pumzi. Maana yake ni kwamba mtu wa usingizi ndiye anayekupumulia, kwa mashine au kwa kubana mfuko kwa mkono wake, huku jicho likiwa kwenye presha, mapigo ya moyo, damu inayopotea na oksijeni inayosomwa na kile kibanio cha kidoleni. Mpasuaji anashughulika na tumbo, huyu anashughulika na uhai wako.

Lakini leo sitaki tuishie ndani ya chumba cha upasuaji. Balaa lenyewe mara nyingi liko nje ya mlango.

Mwaka 2018 jarida la kitabibu la The Lancet lilitoa utafiti wa wagonjwa 11,422 waliopasuliwa katika hospitali 247 za nchi 25 za Afrika. Wengi walikuwa vijana na hawakuwa na maradhi mengi, lakini uwezekano wao wa kufa ulikuwa mara mbili ya wastani wa dunia. Na sikiliza hili: zaidi ya vifo 90 katika kila 100 vilitokea baada ya siku ya operesheni. Si mezani, ni wodini! Mwaka 2019 ikaja ripoti ya akina mama waliojifungua kwa kupasuliwa katika nchi 22 za Afrika: vifo vyao vilikuwa kama mara 50 ya vile vya nchi tajiri.

Kwa nini wodini? Mgonjwa anavuja damu taratibu usiku, hakuna anayemwona mapema kwa sababu muuguzi ni mmoja na vitanda ni vingi. Mwingine kidonda kinaingia wadudu. Mwingine maumivu yanamzuia kukohoa na kuvuta pumzi ndefu, mapafu yanajaa, nimonia inaingia. Mwingine analala bila kujigeuza, damu inaganda miguuni.

Ndiyo maana siku hizi mtu wa usingizi anasomeshwa zaidi ya sindano. Anasomea kumtunza mgonjwa kabla, wakati na baada ya kupasuliwa. Kabla, anatafuta upungufu wa damu, presha na kisukari ili virekebishwe mapema. Baada, anapanga nani akae jirani na muuguzi, nani apewe dawa gani ya maumivu, nani asimamishwe atembee kesho yake. Uingereza walifungua kituo maalumu cha mambo haya mwaka 2019.

Na sisi je? Kwetu hospitali nyingi za wilaya zinategemea wauguzi na matabibu waliosomea usingizi, wengine katika shule ya KCMC kule Moshi. Madaktari bingwa wa usingizi na ganzi wanasomeshwa KCMC na Muhimbili, inachukua miaka, na wengi wakimaliza wanabaki miji mikubwa. Utafiti ule wa 2018 ulikuta wapasuaji, mabingwa wa uzazi na wa usingizi, wote kwa pamoja, hawafiki hata mmoja kwa kila watu 100,000. Sasa ukimtoa mtaalamu pekee wa hospitali ukampeleka masomoni miaka mitatu, mama mwenye uchungu pingamizi usiku wa manane atalazwa na nani?

Kwa maoni yangu, masomo ya juu yaendelee, lakini mengine yamfuate mtu kazini. Inawezekana. Kozi ya SAFE ya usingizi wa wazazi, iliyoanzia Uganda mwaka 2011, ni ya siku 3 tu. Na msidhani sisi ni wa kupokea tu. Ile orodha ya Shirika la Afya Duniani inayosomwa kwa sauti kabla mgonjwa hajapasuliwa ilijaribiwa katika miji 8 duniani, na mmoja ni Ifakara, hapa hapa Tanzania! Matokeo ya 2009 yalionyesha vifo vimeshuka kutoka 1.5 hadi 0.8 katika kila wagonjwa 100. Karatasi moja na watu wanaosikilizana, basi.

Na wewe ndugu wa mgonjwa una kazi yako. Mosi, mkiambiwa asile, asile! Chakula kigumu kinataka angalau saa 6 tumboni. Ile huruma ya shangazi kupenyeza uji chini ya khanga inaweza kuua, maana akilala uji unapanda kooni na kushuka mapafuni. Pili, msimfiche mtu wa usingizi. Kama mgonjwa ana pumu, anakunywa gongo, anatumia mitishamba au aliwahi kudhurika na dawa, semeni. Yeye si polisi wala mchungaji. Tatu, usiku wa kwanza mkiona anahema vibaya, shuka limelowa damu au hazinduki vizuri, piteni kwa nesi hata mara kumi. Atanuna, lakini ataamka.

Na nyie mliomaliza shule mkiwa na Baiolojia na Kemia zenu nzuri, wote mnataka kuwa mpasuaji anayesifiwa kijiweni. Kiti cha kule kichwani mwa mgonjwa kiko wazi, na Manyara inakisubirisha.

Siku ukisikia mtu anapasuliwa, uliza majina mawili. Tuonane wiki ijayo!