Kijiji Kinapojua Mwisho: Haki ya Taarifa Karatu na Ngorongoro

Ibara ya 18 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inatambua haki ya kila raia kupata taarifa kuhusu mambo yanayogusa maisha na shughuli zake, na mwaka 2016 Bunge lilitunga Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, ambayo inamruhusu raia kuomba taarifa iliyo mikononi mwa ofisi ya umma, ikiwamo halmashauri ya wilaya, na kuitaka ofisi hiyo imjibu ndani ya siku 30. Sheria imeweka mipaka, kwa mfano katika mambo ya usalama wa taifa na faragha ya mtu, lakini mapato na matumizi ya halmashauri hayamo katika mambo ya kufichwa. Nchi jirani ya Kenya, iliyotunga sheria ya namna hiyo mwaka huohuo, imetoa siku 21. Hata hivyo, tofauti ya siku tisa si jambo kubwa kwa mkulima wa vitunguu wa Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, kwa kuwa mtu huomba kile anachojua kuwa kipo, na mambo mengi ya halmashauri yake hajawahi kuambiwa kwamba yapo.

Karatu, wilaya iliyomegwa kutoka Mbulu katika miaka ya 1990, ina vyanzo vya mapato ambavyo wilaya nyingi hazina. Hoteli za watalii zilizo kwenye barabara ya kuelekea lango la Ngorongoro zinalipa ushuru wa huduma, unaokokotolewa kwa asilimia ndogo ya mauzo, na magunia ya vitunguu yanayotoka Mang'ola yanatozwa ushuru wa mazao. Fedha hizi huitwa mapato ya ndani, yaani zile ambazo halmashauri hukusanya yenyewe bila kungoja mgawo wa Serikali Kuu, na sheria inaagiza asilimia 10 yake itengwe kwa ajili ya mikopo isiyo na riba kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mwanamke anayetaka mkopo huo ana sababu ya kujua kiasi kilichokusanywa mwaka uliopita, kwani asipokijua hawezi kutambua kama jibu la kwamba fedha zimekwisha ni la kweli.

Shuleni hesabu ni nyepesi zaidi. Chini ya mpango wa elimumsingi bila malipo ulioanza mwaka 2016, ruzuku ya uendeshaji wa shule ya msingi ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ambapo 6,000 zilikusudiwa kufika shuleni na 4,000 zilitengwa kwa ajili ya vitabu. Kwa kipimo hicho, shule yenye wanafunzi 500 hupaswa kupokea shilingi 3,000,000 kwa mwaka, yaani 250,000 kila mwezi. Mzazi anayekuta kwenye ubao wa matangazo karatasi inayoonyesha tarehe ya kupokelewa kwa fedha, kiasi chake na jinsi zilivyotumika kwa chaki, mitihani na ukarabati, anaweza kufanya hesabu hiyo akiwa amesimama palepale, na akikuta 180,000 ataulizia 70,000 zilizobaki. Karatasi iliyopauka kwa jua, ambayo tarakimu zake ni za mwaka juzi, haimpi pa kuanzia.

Ubao, hata hivyo, humfaa anayesoma Kiswahili, na katika wilaya za Karatu na Ngorongoro wako wazee wa Kiiraqw, wa Kidatoga na wa Kimaasai ambao jambo huwafikia kwa kusikia. Ndiyo maana chombo muhimu kuliko vyote ni Mkutano Mkuu wa Kijiji, unaomjumuisha kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi na unaopaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, kwani hapo ndipo halmashauri ya kijiji husoma hesabu zake mbele ya watu na kuulizwa.

Uzito wa chombo hicho ulidhihirika Ngorongoro mwaka 2024. Tangazo la Serikali Na. 673 la tarehe 2 Agosti lilifuta kata 11, vijiji 25 na vitongoji 96 vya tarafa ya Ngorongoro, iliyo ndani ya eneo la hifadhi, miezi michache tu kabla ya uchaguzi wa Serikali za Mitaa. Gazeti la Serikali, ambamo matangazo ya aina hiyo huchapishwa, si chapisho linalofika kwenye maboma. Baada ya habari kuenea, wakazi kwa maelfu walikusanyika barabarani, Mahakama Kuu mjini Arusha ikasitisha utekelezaji wa tangazo hilo tarehe 22 Agosti, na baadaye Serikali ikavirejesha vijiji hivyo kabla ya upigaji kura wa tarehe 27 Novemba. Hapa lipo jambo ambalo sheria ya mwaka 2016 haikuliwazia: kijiji kikifutwa, mkutano wake hufutika nacho, pamoja na mwenyekiti na mtendaji wa kuulizwa, hivyo wanaohitaji taarifa kuliko wote ndio hupokonywa mlango wa kuiulizia. Taarifa iliyofika baada ya uamuzi iliwaachia wakazi wa kata kama Endulen na Olbalbal barabara na mahakama tu.

Umbali nao unaongeza ugumu. Mkazi wa Nainokanoka, katika nyanda za juu za kreta ya Ngorongoro, hukaa karibu zaidi na mji wa Karatu kuliko na ofisi za halmashauri yake mwenyewe upande wa Loliondo, na juu ya hilo ardhi anayoishi inasimamiwa na Mamlaka ya Hifadhi ya Eneo la Ngorongoro, ambayo haimo chini ya madiwani wake. Akitaka kujua kwa nini kisima hakikuchimbwa, huenda akaelekezwa kwa halmashauri, nayo ikamrudisha kwa Mamlaka. Kwa mtu huyo, haki ya kupata taarifa itakuwa na maana siku nakala za bajeti za vyombo vyote viwili zitakapokuwa mezani kwa mtendaji wa kijiji, zikasomwa kwa Kimaasai mkutanoni wakati fedha bado hazijagawanywa.