Tikisa chupa kabla ya kila dozi

Mzazi, iangalie chupa ya dawa ya mtoto iliyokaa kabatini tangu jana. Juu utaona maji mepesi, chini mashapo meupe. Mashapo hayo ndiyo dawa yenyewe.

Baadhi ya dawa hazipatani na maji. Chembe za ibuprofeni, albendazoli au fenitoini huyakataa maji kama jani la mgimbi linavyokataa matone ya mvua. Kiwandani huongezwa kiungo kinachofanya kazi kama sabuni ili chembe zilowe, na kingine cha kuleta uzito ili zisizame haraka. Hata hivyo, chupa ikitulia, chembe hushuka.

Usipotikisa, dozi za mwanzo huwa hafifu na za mwisho huwa kali kupita kiasi. Kwa fenitoini, dawa ya kifafa, hilo ni hatari: mtoto anaweza kupata degedege chupa ikiwa mpya, kisha kusinzia na kuyumba inapokaribia kwisha, ingawa kila siku umempa kijiko kilekile.

Dawa inayouzwa ikiwa unga, kama amoksilini, inahitaji uangalifu zaidi. Kwanza gonga chupa ili unga ulioshikana uachie. Tia karibu nusu ya maji uliyoelekezwa, yaliyochemshwa na kupoa kabisa. Funga, tikisa hadi unga wote ulowe, kisha ongeza maji yaliyobaki hadi kwenye alama na utikise tena. Ukimimina maji yote kwa mkupuo, unga hufanya mabonge, nje yamelowa na ndani makavu. Mpika uji anayajua hayo. Maji ya moto usitumie, yanaweza kuharibu dawa.

Kila unapompa mtoto dawa, tikisa vizuri, pindua chupa uone kama chini kumebaki kitu, subiri povu litulie kidogo, kisha pima mara moja. Tumia kipimo kilichokuja na dawa au bomba la sindano lisilo na sindano. Vijiko vya chai havilingani.

Andika kwenye chupa tarehe uliyochanganya. Dawa nyingi za unga hudumu siku 7 hadi 14 tu, fuata lebo. Mashapo yakigoma kuachia hata baada ya kutikisa, usimpe mtoto dawa hiyo. Irudishe kwa mfamasia upewe nyingine.