Umeme ukikatika, samaki wa nyumbani wanapumua namna gani?

Katika salo zingine za Bukavu, pembeni ya televizyo, kuko akwariumu: kioo, mawe, majani na samaki wadogo wa rangi mbalimbali. Watoto wanaipenda, wageni wanauliza bei. Lakini usiku umeme unakatika, pompi inanyamaza, na asubuhi mama wa nyumba anakuta samaki wamegeuza tumbo juu. Watu wanasema maji yalikuwa mabaya, ao chakula kilikuwa na sumu. Mara nyingi si vile. Samaki walikosa pumzi.

Tuanze na jambo moja ambalo wengi wetu tunalielewa vibaya. Mapovu yale ya pompi hayaingizi oksijeni nyingi yenyewe. Yanapanda haraka na kupasuka. Kazi yao kubwa ni kusukuma maji ya chini yaende juu. Kule juu, maji yanapokutana na hewa, ndipo oksijeni inaingia na gesi ya kaboni inatoka. Kwa hiyo tusihesabu mapovu, tuangalie uso wa maji. Ukitikisika pande zote, ni sawa. Ukilala kimya kama chai iliyosahauliwa mezani, hatari iko karibu, hata kama pompi inanguruma.

Ziwa letu linaonyesha jambo hilo wazi. Kivu ina kina cha mita 485 hivi, lakini oksijeni inapatikana katika mita 60 hivi za juu tu, pale upepo unapoweza kuchanganya maji. Chini ya hapo ni gesi ya kaboni na metani. Sambaza, walioletwa toka Tanganyika mwisho wa miaka ya 1950, wanabaki juu. Akwariumu isiyo na mwendo wa maji inaanza kufanana na Kivu ya chini, na samaki wake hawana pa kukimbilia.

Sisi watu wa Bukavu tuna shida nyingine tena. Mji uko karibu mita 1500 juu ya bahari, na hewa ya huku ni nyepesi. Maji yetu yanabeba oksijeni pungufu, karibu sehemu moja juu ya sita, kuliko maji yenye joto lile lile kule Matadi ao Dar es Salaam. Na maji yakipata joto, oksijeni inapungua zaidi. Basi, vitabu vya Ulaya vikisema akwariumu fulani inatosha samaki 12, sisi tuweke 8 ao 9.

Samaki nao hawafanani. Kambale anapumua hewa ya juu, ndiyo maana sokoni anakaa muzima katika beseni yenye maji kidogo. Wale samaki wa kwenye mawe ya Tanganyika, kama Tropheus ambao wapenzi wa Ulaya wanawalipia bei kali, wamezoea mawimbi ya ufukoni. Wao wanataka maji yenye nguvu. Lakini samaki wenye mapezi marefu wanachoka katika mkondo mkali. Ukiona samaki anapigana na maji mchana kutwa ao anajificha nyuma ya jiwe, geuza mdomo wa pompi uelekee kioo, nguvu itavunjika.

Pompi ya hewa iwekwe juu kuliko uso wa maji. Ikiwa chini, umeme ukikatika maji yanaweza kurudi kwa mpira, yakaharibu pompi na kumwagika sakafuni. Kama hakuna pa kuiweka juu, tia kwenye mpira ile klape ndogo inayozuia maji kurudi.

Na umeme ukiisha katika? Kwanza, fungua kifuniko. Pili, usiwape samaki chakula: samaki aliyekula anatumia oksijeni mingi, na mabaki yanaoza. Tatu, chukua kopo, chota maji ya akwariumu mwenyewe, yamwage polepole toka juu, mara kumi ao ishirini, kisha rudia kila robo saa. Usiku mzima ni kazi ngumu, kweli. Kuko pompi ndogo zinazotumia waya ya kuchajia simu. Zile za wati moja ao mbili zinaweza kufanya zaidi ya saa kumi na pawabanki ya mAh 10 000. Iandae mapema, ikiwa imejaa.

Umeme ukirudi, usikimbilie kuwasha chujio. Likikaa saa mingi bila maji kupita, vijidudu vizuri vinavyosafisha maji vinakufa ndani na uchafu unaoza. Ukiwasha pale pale, uchafu wote unamwagikia samaki. Suuza sponji kwanza katika beseni yenye maji ya akwariumu, si ya robine, juu klori inaua vijidudu vilivyobaki.

Lakini dawa kubwa haiuzwi dukani: ni kuweka samaki wachache katika chombo kipana, si kirefu. Uso mpana unapumua hata pompi ikinyamaza. Samaki sita wenye nafasi wanaweza kungoja umeme mpaka asubuhi. Ishirini waliobanana hawawezi.