Amargosa: Mto wa Jangwani Unaolindwa Visimani

Ukivuka Mto Amargosa kwa gari, kuna sehemu nyingi ambapo hutajua kwamba umevuka mto. Utaona mchanga na changarawe, vichaka vikavu na ukoko mweupe wa chumvi. Mto wenyewe uko chini. Unaanzia karibu na mji wa Beatty, jimbo la Nevada nchini Marekani, unateremka kusini hadi California, kisha unapinda na kurudi kaskazini-magharibi mpaka Death Valley, ambako unaishia kwenye uwanda wa chumvi wa Badwater, mita 86 chini ya usawa wa bahari. Ni mwendo wa karibu kilomita 300, na sehemu kubwa ya mwendo huo maji hupita ardhini. Hujitokeza pachache tu: pale Beatty, kwenye vijiji vya Shoshone na Tecopa, na ndani ya korongo lililo kusini ya Tecopa. Hapo ndipo penye mierebi, matete, ndege na samaki. Mwaka 2009 kilomita 42 za mto huo ziliwekwa chini ya ulinzi wa sheria ya serikali kuu. Ni jambo jema, lakini sheria hiyo inalinda kingo. Uhai wa mto huu unaamuliwa kwenye visima ambavyo mgeni anayetembea kingoni hatavitia machoni kamwe.

Mvua ya Death Valley haifiki wastani wa sentimita 6 kwa mwaka, na hakuna mto unaoweza kuishi kwa mvua hiyo. Maji yanatoka mbali, hasa kwenye safu ya milima ya Spring iliyo magharibi ya Las Vegas, ambayo kilele chake, Charleston, kinapita mita 3,600. Theluji ya huko ikiyeyuka, sehemu ya maji huzama kwenye nyufa za mawe ya chokaa na kuanza safari ya polepole ardhini inayochukua maelfu ya miaka. Kina kikiwa kikubwa, maji hupata joto. Yanapofika mahali panapoitwa Ash Meadows, ndani ya bonde la Amargosa, hukutana na mpasuko wa ardhi uliosukuma udongo mzito mbele ya mwamba, njia inazibika, na maji hulazimika kupanda juu. Ndiyo maana chemchemi za hapo zimejipanga mstari mmoja kufuata mpasuko huo. Moja tu kati yake, Crystal Spring, hutoa karibu lita 10,000 kila dakika, katikati ya jangwa, usiku na mchana.

Msomaji wa Mombasa ananufaika na kazi ya miamba ya namna hiyo. Maji ya Mzima, yanayofika mjini kwa bomba lililojengwa miaka ya 1950, ni mvua ya vilima vya Chyulu iliyochujwa na mawe ya volkano. Tofauti kubwa ni umri. Maji ya Ash Meadows kwa sehemu kubwa ni akiba ya zama ambazo nchi ile ilikuwa na baridi na mvua nyingi kuliko leo. Anayeyachota kwa pupa leo anatumia mali ambayo wajukuu wa wajukuu zake hawataiona ikirudi.

Kwa kuwa kila chemchemi imezungukwa na ukame, viumbe wa humo wamekaa peke yao muda mrefu hadi wakawa aina zao wenyewe. Ash Meadows ina zaidi ya aina 20 za mimea na wanyama wasiopatikana popote pengine duniani: samaki, konokono wadogo sana, mdudu wa majini, maua yanayostahimili chumvi. Kwenye vinamasi vya Tecopa kuna panya mdogo wa Amargosa, ambaye wakati mmoja ilidhaniwa ametoweka kabisa.

Kiumbe mashuhuri kuliko wote anaishi Devils Hole, ufa ulio kwenye kilima cha chokaa pembeni mwa Ash Meadows. Ndani ya ufa kuna maji ya nyuzi joto 33 hivi. Wapiga mbizi wameteremka zaidi ya mita 130 humo bila kuona mwisho. Pamoja na kina chote hicho, samaki wake, Cyprinodon diabolis, hutegemea jiwe moja bapa lililo karibu na uso wa maji, ambalo eneo lake halizidi chumba kidogo cha kulala. Jua hufika hapo kwa saa chache, mwani huota, samaki hula na kutaga mayai. Urefu wake ni kama sentimita 2.5, dume lina rangi ya samawati inayong'aa, na maisha yake ni ya mwaka mmoja hivi. Maji yakishuka kidogo tu, jiwe hubaki nje, na hapo hakuna chakula wala mahali pa kutagia.

Hilo lilikaribia kutokea. Mwaka 1968 shamba moja kubwa lilianza kuvuta maji ya visima umbali wa kilomita 4 kutoka Devils Hole, ili kumwagilia alfalfa na nafaka na kunywesha ng'ombe. Wanasayansi walikuwa wamebandika kwenye ukuta wa mwamba washa ya shaba, kile kiduara chenye tundu ambacho fundi huvisha kwenye bolti, na kutoka hapo walipima maji yamefika wapi. Kabla ya pampu kuanza, uso wa maji ulikuwa futi 1.2 chini ya washa, yaani sentimita 37 hivi. Mwaka 1969 ulikuwa futi 2.3, mwaka uliofuata 3.17, na kufikia 1972 ukawa futi 3.93, karibu sentimita 120. Hakuna aliyegusa samaki, wala gari lililoingia kwenye hifadhi. Maji yalikuwa yanaondoka kwa chini.

Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani. Shamba lilikuwa limeajiri watu zaidi ya 80, na hasira za wakazi zilieleweka. Wengine walibandika kwenye magari yao vibandiko vya kutaka samaki wauawe. Mwezi Juni 1976 majaji wote walikubaliana: Rais Truman alipoitenga Devils Hole kuwa hifadhi mwaka 1952, alitenga pia maji ya kutosha kuihifadhi, na haki hiyo inamfunga hata anayevuta maji hayohayo kutoka kisimani kwake. Kiwango kilichokuja kuwekwa ni futi 2.7 chini ya washa, kisipite hapo. Shamba halikufungwa. Liliwekewa mpaka wa kiasi cha maji, na maji yakapanda tena, ingawa hayajarudi yalipokuwa kabla ya 1968. Kwangu mimi hiyo ndiyo hukumu yenye busara kuliko zote zilizowahi kutolewa kuhusu maji ya jangwani, kwa sababu ilipeleka ulinzi kwenye pampu.

Tecopa haikupata bahati hiyo. Chemchemi mbili za maji moto za hapo zilikuwa na samaki wa aina yake, ndugu wa huyu wa Devils Hole. Katika miaka ya 1960 mabafu ya watalii yalipanuliwa, na mikondo ya chemchemi hizo ikaunganishwa kuwa mtaro mmoja. Maji yakakimbia kwa kasi na joto likafika sehemu zilizokuwa za kuvumilika; samaki wa kigeni wakaongeza tatizo. Samaki wa Tecopa alipoandikwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini mwaka 1970, alikuwa ameshachelewa. Mwaka 1982 aliondolewa kwenye orodha hiyo kwa sababu ametoweka, wa kwanza nchini Marekani kuondolewa kwa sababu hiyo.

Ash Meadows yenyewe iliponea chupuchupu. Baada ya kilimo kushindwa, eneo lilipangwa kujengwa mji wa maelfu ya nyumba. Shirika la Nature Conservancy lilinunua ardhi hiyo, na mwaka 1984 ikawa hifadhi ya taifa ya wanyamapori. Mwaka 2008 jimbo la Nevada lilikataza vibali vipya vya maji, isipokuwa vichache, ndani ya kilomita 40 kutoka Devils Hole. Kipimo hicho kinaonyesha jinsi uzio wa hifadhi ulivyo mdogo ukilinganishwa na eneo linaloulisha.

Ugumu wa kazi hii ni kwamba maji ya ardhini huchelewa kutoa taarifa. Kisima kikichimbwa leo kilomita 20 kutoka chemchemi, upungufu unaweza kuonekana baada ya miongo kadhaa, na pampu ikizimwa chemchemi huendelea kupungua kwa muda kabla ya kupata nafuu. Upande wa mashariki wa Ash Meadows uko mji wa Pahrump, ambako maelfu ya nyumba zina visima vyake. Kusubiri ushahidi wa madhara kwanza ni kusubiri mpaka dawa imekosa kazi. Na samaki wa Devils Hole hawana nafasi ya kupoteza: mwanzoni mwa 2025, baada ya matetemeko ya ardhi kuyatikisa maji na kufagia mwani na mayai kutoka kwenye jiwe lao, walihesabiwa 38 tu, kutoka 191 mwaka mmoja kabla.

Mwaka 2023 kampuni moja ilipata ruhusa ya kuchimba mashimo ya kutafuta lithiamu karibu kabisa na Ash Meadows. Wanamazingira walikwenda mahakamani na ruhusa ikafutwa. Januari 2025 serikali kuu ilisimamisha kwa miaka miwili madai mapya ya madini kwenye zaidi ya hekta 100,000 za jirani, ili kufikiria kuzifunga kwa miaka 20. Dunia inahitaji lithiamu, nami sipingi betri. Lakini lithiamu inapatikana sehemu nyingi, na chemchemi hizi ziko hapa tu. Hekta hizo zifungwe, na kila pampu katika bonde zima la Amargosa, pande zote mbili za mpaka wa Nevada na California, ifungwe mita na isomwe hadharani.