Resho ya safari: unatia mafuta gani ndani?

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayesoma ukurasa huu kabla baba hajarudi kazini,

Wakati wa konje unakaribia. Wengine watakwenda kijijini, kule gari linapoishia na kubaki safari ya miguu. Wengine watakwenda Lufira kuvua samaki. Na vijana wetu wa kambi tunawaona wanafunga mifuko ya mgongoni, wapande mpaka maporomoko ya Lofoi katika hifadhi ya Kundelungu. Wote wanakuja kuniuliza neno moja: "Muganga, ninunue resho gani ndogo, ya bei nafuu, inayokubali mafuta ya kila namna?"

Disipanseri siyo duka. Lakini mimi ndiye ninayefunga vidonda vya moto, basi nitajibu kama mtu wa kufunga vidonda.

Mwaka jana alifika kwetu ndugu mmoja wa kazi ya chini ya ardhi, mikono yote miwili imeungua mpaka kwenye kiwiko, na shingo upande mmoja. Bibi yake aliungua vidole. Alikuwa amekwenda Zambia kuzika mjomba wake. Nyumbani alikuwa na resho ya petroli, ile ya shaba yenye pompi, aliyoipata kwa baba yake. Katika kurudi, karibu na Kasumbalesa, alisimama kwenye pompi upande wa Zambia, akatoa bido yake ya litre tano na kuomba "petrol". Yule kijana wa pompi alimpa alichoomba. Hakumdanganya. Akamjazia esanse.

Kosa lilikuwa nini? Neno tu. Sisi tuliosoma Kifaransa, tukisema petroli tunataka mafuta ya taa, yale ya kuwashia taa na resho. Mwingereza akisema "petrol" anataka esanse ya gari. Mafuta ya taa yeye anayaita "paraffin" au "kerosene". Kwetu parafini ni nta ya mshumaa! Hata ndugu zetu wa Tanzania, wanaosema Kiswahili kama sisi, ukiwaomba petroli watakupa esanse. Kwao useme mafuta ya taa. Na Mmarekani akiandika "gas" kwenye karatasi ya resho, mara nyingi anataka esanse, wala siyo gazi ya chupa.

Yule ndugu alifika nyumbani saa moja ya usiku, umeme hakuna, watoto wana njaa. Akamimina bila kunusa vizuri, maana ndani ya gari bido zote zilikuwa zimekwisha kunuka namna moja. Akapiga pompi, akawasha. Resho yake ina tanki chini kabisa ya moto. Moto ukapasha tanki, esanse ikaanza kuchemka ndani, ikatoka kwa nguvu, na miali ikafika juu. Bibi akamwaga maji. Maji yakabeba moto mpaka mlangoni. Watoto walikuwa nje, na kwa hiyo leo ninaweza kuandika habari hii kwa mkono mtulivu.

Tufahamu vizuri tofauti ya mafuta haya mawili. Petroli yetu haitoi mvuke wa kutosha kushika moto mpaka ipate joto la digri 38 au zaidi. Njiti ya kiberiti ikianguka ndani ya sahani ya petroli ya baridi, mara nyingi inazimika. Usijaribu nyumbani! Esanse inatoa mvuke wa kushika moto hata kwenye baridi ya digri 40 chini ya sifuri. Hapa Katanga haipo siku hata moja ambayo esanse italala. Tena mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Unatambaa chini, unapita chini ya mlango, unaikuta mbabula ya jirani, kisha moto unarudi kwako kwa njia ile ile.

Kama una wasiwasi na bido, kuna kipimo kidogo. Enda mbali na moto, tia tone moja juu ya karatasi ya gazeti, ungoje dakika chache. Esanse itakauka na karibu hakuna alama. Petroli itabaki doa la mafuta. Lakini kama muuzaji amechanganya, doa litabaki vile vile, na hapo kipimo hakitakusaidia. Pua yako, na muuzaji unayemjua, ndivyo vya kutegemea. Mafuta yanayonuka esanse, hata kidogo, yasiingie ndani ya resho ya petroli.

Sasa ile resho ya mafuta ya kila namna. Resho ya pompi siyo kitu kipya. Mwaka 1892, kule Stockholm, Frans Wilhelm Lindqvist alitengeneza resho ya petroli isiyo na utambi, nayo ikaitwa Primus. Mwaka 1911 Amundsen alifika nayo Ncha ya Kusini ya dunia. Kazi yake ni hii: pompi inasukuma petroli ipande kwenye kibomba kilichopashwa moto, petroli inageuka mvuke, mvuke unatoka kwa katundu kadogo sana tunakoita jikleri, unawaka kwa moto wa bluu bila masizi. Ni lazima kwanza upashe kibomba, kwa alkoli kidogo ndani ya kikombe chake. (Wengine wananiambia lutuku inafaa. Ikiwa inawaka vizuri, ujue unachokunywa.)

Resho ya mafuta mengi inafanya kazi hiyo hiyo, ila ina jikleri zaidi ya moja. Mvuke wa petroli unataka katundu kembamba, esanse inataka kakubwa zaidi. Katika resho moja ya Primus, OmniFuel, jikleri ya petroli ni ya milimeta 0.28 na ya esanse ni 0.37. Tofauti hiyo jicho halioni. Kwa hiyo ukinunua resho ambayo muuzaji anasema "inakula yote", mwulize: jikleri nyingine iko wapi? Namba yake imeandikwa wapi? Kama hana ya kukuonyesha, basi resho yake inakula mafuta ya namna moja tu, na maneno yake ni ya kuuzia.

Ukitia petroli kwa jikleri ya esanse utapata moto wa njano, mrefu, na chungu cheusi. Hasara ni ndogo. Mazutu pia inawaka katika resho nyingine, lakini inaziba jikleri upesi na inanuka. Mazutu ni ya siku ambayo hakuna kitu kingine. Hata esanse ya gari si nzuri sana, kwa sababu ya dawa wanazotia ndani kwa ajili ya motere. Shauri langu ni fupi: nunua resho ya mafuta mengi ukitaka, lakini pika na petroli. Hayo mengine yawe akiba ya njiani.

Na umbo? Hapa sina mashaka. Chagua ile yenye chupa ya mafuta pembeni, iliyofungwa na mpira mrefu, siyo ile yenye tanki chini ya moto. Chupa ikikaa mbali haipati joto, na ufunguo wa kuzima uko kwenye chupa. Ile ya shaba ya wazee wetu ni nzuri na haifi, lakini iwe ya petroli tu, siku zote, na usiizungushie mawe au bati la kuzuia upepo kwa karibu, maana tanki litapata moto.

Rafiki mmoja alinunua resho ndogo sana, ya kuingia mfukoni, akajisifu. Siku ya kwanza alipokoroga bukari, chungu kilipinduka. Resho hizi zimetengenezwa na watu wanaochemsha maji ya kahawa na supu ya karatasi. Hawajui mwiko! Kabla ya kulipa, weka chungu chako mwenyewe juu yake pale dukani, ukikoroge kama kuna bukari ya watu wawili ndani. Muuzaji atacheka, mwache acheke. Kama miguu inatikisika, usinunue. Ile ya chupa pembeni ina faida nyingine hapa: unaweza kupanga mawe matatu, chungu kikae juu ya mawe, na moto peke yake ukae katikati.

Jambo la bei. Resho rahisi isiyo na vipuri ni ghali kuliko ile ya bei kubwa kidogo yenye vipuri. Uliza sindano ya kusafishia jikleri, kauchu za kufungia chupa, na kipande cha ngozi cha ndani ya pompi. Ngozi hiyo ikikauka pompi haisukumi. Matone mawili ya mafuta yanaiponya, na watu wengi wanatupa resho nzima kwa sababu hawajui hilo. Ukinunua ya mkono wa pili, piga pompi ikiwa haina mafuta, tia chupa na kifuniko chake ndani ya beseni la maji, utazame. Pale povu linapotoka ndipo moto utakapotokea.

Kisha hesabu ya mafuta, maana kila litre utaibeba mgongoni. Kuchemsha litre moja ya maji kunataka petroli karibu vijiko vinne vya chai, kama hakuna upepo na chungu kina kifuniko. Watu wawili wanaopika mara mbili kwa siku, chai na bukari na samaki mkavu, watatosheka na robo litre kwa siku. Siku nne, litre moja. Lakini ukibeba maharagwe makavu hesabu hiyo imekufa. Yaloweke usiku mzima kabla ya kupika, au uyaache nyumbani pamoja na sombe. Chupa usiijaze mpaka juu. Acha sehemu moja ya tano iwe hewa, la sivyo pompi haina pa kusukumia na jua litaivimbisha.

Nafika sasa kwenye jambo ambalo nilijifunza kwa aibu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa Lufira na mdogo wangu, mwezi wa sita, usiku wa baridi kali. Tulipika ndani ya hema kwa sababu ya upepo. Chakula kilipokwisha, niliiacha resho iwake kidogo, tupate joto. Mdogo wangu akasema kichwa kinamuuma. Nikamwambia ni jua la mchana. Akasema anataka kutapika. Nikamwambia ni samaki. Mimi, mtu wa disipanseri! Aliposimama atoke nje, miguu ikakataa, akaangukia mlango wa hema, na mlango ukafunguka. Baridi ile iliyoingia ndiyo iliyotuokoa. Kama angeanguka upande mwingine, nisingeandika ukurasa huu.

Ninyi wa chini ya ardhi mnajua gazi. Hii ni gazi ile ile inayotoka kwenye moto unaokosa hewa, monoksidi ya kaboni. Haina harufu wala rangi. Inashikamana na damu mara zaidi ya 200 kuliko hewa nzuri ya oksijeni, na mahali ilipokaa oksijeni haipati nafasi. Waingereza walikuwa wakishusha ndege wadogo, kanari, ndani ya migodi yao ili ndege azimie kabla ya mtu; waliwaacha mwaka 1986 tu, walipopata mashini ya kupima. Ndani ya hema au nyumba huna ndege wala mashini. Una kichwa kinachouma. Kikianza kuuma kwa watu wawili pamoja mahali penye moto, usitafute dawa ya malaria: tokeni nje wote, kwanza mtoto. Aliyelegea apelekwe lopitali apewe oksijeni, hata kama anasema amepona.

Mbabula ya makala ndani ya chumba cha kulala inatoa gazi hiyo nyingi kuliko resho. Mama, hata ukiona makala hayana moshi tena, usiyaingize chumbani kuwapasha watoto joto. Yale yasiyo na moshi bado yana gazi.

Mtu akiungua: zima moto kwa mchanga au blanketi nzito iliyolowa, siyo kwa kumwaga maji juu ya mafuta. Kisha kidonda chenyewe, hapo ndipo maji yanapofaa, maji safi ya baridi yapite juu yake dakika 20. Usipake dawa ya meno, wala yai, wala mafuta ya mawese. Nikipokea mgonjwa aliyepakwa hivyo, kazi yangu ya kwanza ni kumwumiza tena ili niyaondoe. Funika kwa kitambaa safi, uje.

Na petroli isikae ndani ya chupa ya limonadi. Mtoto akiinywa, usimtapishe, kwa maziwa au kwa kidole, maana ikipita mara ya pili kooni inaingia kwenye mapafu, na mapafu ndiyo yanayomwua. Mlete kama alivyo, na chupa yenyewe uilete, tuinuse. Usiku pia tunafungua.

Yule ndugu wa Kasumbalesa amerudi kazini, vidole viwili havikunjiki vizuri. Resho ya baba yake bado anayo. Bido zake amezipaka rangi, nyekundu kwa esanse na bluu kwa petroli, na bibi yake ndiye anayemimina sasa. Yeye hamruhusu tena.